Paka wa Mama Mkwe na Mbwa wa Rungwa

Jumamosi, 3 Mei

Rahabu kaondoka asubuhi kwenda Shelui. Binti yetu Dina kajifungua mtoto wa kiume, na mzazi lazima awe na mama yake wa kumpikia uji na kumkanda. Kwa hiyo mimi ni babu! Nimejitazama kwenye kioo. Sioni tofauti, ila mvi, na hizo zilikuwepo.

Kabla ya kupanda bodaboda alinipa maagizo. Alizeti iliyoko stoo nisiiguse, ni mbegu ya msimu ujao. Kuku wake walishwe humohumo bandani. Shangazi apewe dagaa asubuhi na maziwa jioni, na alale palepale anapolala, juu ya magunia. Shangazi ni paka. Jina alipewa na mama mkwe, Mungu amrehemu, kwa sababu tangu mdogo alikuwa akikaa mlangoni na kumkagua kila anayeingia. Mama mkwe alipofariki, kaka zake Rahabu waligawana ng'ombe na shamba. Rahabu alipewa paka. Alimleta hapa Misigiri ndani ya kikapu, kamfunika na kitenge cha marehemu, na njia nzima alikipakata.

Akanishika mkono. Akasema, "Baba Dina, nikirudi nimkute." Nikamjibu atamkuta, tena mnene kuliko alivyomwacha. Akauliza kama kuna jambo ninalipanga. Nikasema hakuna.

Jambo lipo. Nguruwe pori wanatumaliza mahindi, kwa hiyo kitongoji chetu hutoka msako, na ofisi ya kijiji inajua. Kwetu sisi, mwenye mbwa aliyetangulia kumng'ata nguruwe ndiye anayepewa paja la nyuma, na ndiye anayesema msako ujao uanzie wapi. Tangu nikumbuke mtu huyo ni Damiani, jirani yangu wa uzio mmoja, kwa sababu ya mbwa wake anayeitwa Wivu. Mimi sina mbwa. Mimi hubeba dumu la maji. Msako uliopita nilipewa masikio. Nguruwe mzima, mimi masikio! Damiani akasema yananifaa, maana kazi yangu ni kusikiliza wenzangu wakisimulia. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Basi Mjomba Elisha, anayefuga nyuki kule Rungwa, ananipa mbwa wake wawili wa kuwindia. Wanafika kesho na gari la asali. Rahabu akirudi atakuta paja limening'inia jikoni. Atafurahi. Nina hakika, karibu.

Jumapili, 4 Mei

Wamefika! Wembamba, vifua vipana, masikio yamechanika kwa kazi. Mwekundu anaitwa Mtasema, mweusi anaitwa Sijali. Damiani alikuwa anatoka kanisani, akasimama, akauliza majina yao. Nikamtajia. Akanuna. Huku kwetu mtu humpa mbwa jina la neno ambalo hawezi kumwambia jirani usoni, kwa hiyo ameamini namtupia maneno. Nikamweleza kuwa majina wametoka nayo Rungwa. Hakuamini. Nami sikujisumbua sana kumwaminisha.

Nikampigia Mjomba kumshukuru. Shikamoo, marahaba, habari za safari ya mbwa. Akauliza kama nyumbani kuna paka. Nikasema yupo mmoja. Basi akaanza, na salio la simu ni langu. Kwamba mbwa hawa hawakukua na paka, kwao kila kinachokimbia ni kazi. Niwafunge kamba nyuma ya nyumba. Paka abaki ndani, wanusane kwanza kupitia ukuta kwa majuma kadhaa. Baadaye niwe nawapitisha karibu naye wakiwa na kamba shingoni na wameshiba, mmoja mmoja, na akikaza macho nimgeuze. Paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia. Na hata wakizoeana, wasiachwe pamoja bila mtu. Hata baada ya mwaka.

Nikasema ndiyo, Mjomba. Ndiyo, Mjomba. Majuma kadhaa! Mimi nina msako Jumamosi.

Jioni niliwafanyia ile ya wazee. Tonge la ugali unalibana kwapani mpaka lipoe, unampa mbwa mgeni. Akilimeza amekumeza na harufu yako, hatakuacha tena. Sijali alitapika. Akalirudia akalila, kwa hiyo inahesabika. Mtasema amenifuata mpaka chooni na kukaa mlangoni akinisubiri. Hata Rahabu hajawahi kunipenda hivyo.

Shangazi ameyaona yote kutoka juu ya bati la jiko. Mkia umevimba. Dagaa hakugusa.

Jumanne, 6 Mei

Leo nimepata akili ambayo Mjomba na uzee wake wote hakuipata.

Nilikuwa nimelala kibarazani, Mtasema kichwa chake juu ya mguu wangu. Nikajiuliza, huyu kanipenda kwa nini? Kwa tonge. Tonge lilikuwa na nini? Harufu yangu. Basi tonge likiwa na harufu ya Shangazi, watampenda Shangazi. Ni hesabu ya darasa la kwanza. Majuma ya nini?

Kumpata Shangazi ndiyo ilikuwa kazi. Nilimvizia juu ya magunia, nikamtia kwenye kiroba, nikaacha nafasi ya mkono. Nikamsugua tonge tumboni, mgongoni, chini ya mikono. Amenichana kuanzia kiwiko hadi kidole. Tonge lilitoka limejaa manyoya, limekuwa la kijivu. Nikamfungia Shangazi stoo, nikaligawa katikati. Mtasema alilimeza bila kutafuna, kisha akanusa vidole vyangu, kisha akanusa kiroba, kisha akaenda kukaa mbele ya mlango wa stoo. Sijali akamfuata. Wamekaa hapo hadi jioni wakitingisha mikia.

Huo ndio upendo. Kwa muda gani? Nusu siku.

Rahabu kapiga simu. Mtoto ananyonya vizuri, Dina anaendelea vizuri, Shangazi hajambo? Nikasema hajambo kabisa. Akauliza mbona anasikia mbwa. Nikasema ni Wivu wa Damiani anapita. Akasema Wivu habweki hivyo. Mwanamke huyu ana masikio! Nikasema mtandao unabadilisha sauti.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeendelea na matonge, asubuhi na jioni. Mbwa hawataki tena kulala popote isipokuwa mlangoni mwa stoo. Wanalamba mlango. Mate yanatiririka mpaka pale chini pameloa. Shangazi akitembea juu ya magunia humo ndani, wao wanasogea naye huku nje, hatua kwa hatua, wanatetemeka. Naona wanamlinda.

Agripina, mke wa Damiani, alikuja kuazima ungo. Akanikuta nimeshika kiroba kinachopiga kelele. Akauliza, "Shemeji, unafanya nini?" Nikamweleza, sikuficha, maana kitu kizuri kinasimuliwa. Akasikiliza hadi mwisho, ungo kaushika kifuani. Halafu akasema marehemu baba yake alikuwa anafanya vilevile. Alikuwa anasugua tonge kwenye ngozi ya nungunungu na kuwalisha mbwa wake, mpaka wakawa wanawatoa nungunungu hata kwenye mashimo.

Nikamwambia mambo ya mbwa awaachie wanaume. Akaondoka. Alipofika kwenye uzio akageuka kuutazama mlango wa stoo, akaenda zake.

Baada ya hapo nilipata mawazo kidogo. Nilikaa nayo wakati chai inachemka. Kisha nikaona tofauti ilipo. Marehemu yule alitaka mbwa wawinde. Mimi nataka wapende. Nia siyo moja. Na mbwa anajua nia ya mtu, kila mfugaji atakwambia.

Jumamosi, 10 Mei

Nitaandika kwa mpangilio, tangu asubuhi.

Mbwa hawakulishwa tangu jana, maana mbwa wa windo akishiba hana haraka. Asubuhi nikaacha mlango wa stoo wazi. Nilimuonea huruma Shangazi, siku zote hizo kafungiwa humo. Mbwa naondoka nao, nikasema, na wakirudi ni marafiki zake, mlango wa nini? Nikachukua kile kiroba changu nikakikunja, nikakiweka ndani ya shati. Cha kubebea paja.

Tulianzia bondeni chini ya mashamba ya alizeti. Kwa mara ya kwanza sikubeba dumu. Kabeba Stanley, mdogo wake Damiani, na nikamwambia asimwage. Hatukwenda mbali, Mtasema akabweka. Nguruwe dume, mkubwa, akatoka kwenye mahindi. Wivu alikuwa nyuma, nyuma kabisa! Mtasema na Sijali wakambana pembeni ya korongo, wamebakiza kumrukia. Damiani alikuwa karibu nami. Niliona uso wake. Nikatamani uso ule niuhifadhi mahali.

Furaha ikanizidi. Nikachomoa kiroba nikakikung'uta hewani nikisema kwa sauti paja lije humu.

Manyoya ya Shangazi yakapeperuka. Sijali akainua pua. Mtasema akainua pua. Wakamwacha nguruwe. Wakamwacha kama jiwe la njiani, wakageuka, wakapita katikati ya miguu ya watu, wakashika njia ya nyumbani. Watu wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Nikakimbia. Sijakimbia hivyo tangu nilipooa. Njia nzima nilikuwa nauona mlango wa stoo.

Nilichokikuta sitaki kukiandika, lakini nitaandika. Gunia la juu limepasuka, mbegu zimemwagika hadi uani. Agripina yuko katikati ya uwanja na mchi wa kutwangia, anapumua kwa nguvu. Mbwa wako pembeni, Sijali anachechemea kwa kipigo. Shangazi yuko ndani ya kanga ya Agripina. Mguu wa nyuma umening'inia. Damu.

Nikanyoosha mikono nimpokee. Alinitazama. Alikuwa hana nguvu, lakini alijikunja akajisukuma ndani ya kanga ili awe mbali nami. Agripina akasema kwa Kinyiramba neno ambalo sitaliandika hapa. Kisha akasema, taratibu, "Shemeji, si nilikwambia?"

Alinambia. Mjomba alinambia. Nimewasikiliza wote.

Jumapili, 11 Mei

Sikwenda kanisani. Ningesimama na kuimba nini?

Bwana mifugo, Fredrick, alifika kwa Agripina akamshona Shangazi. Nilisimama mlangoni na sufuria ya maji moto ambayo hakuna aliyeihitaji. Anasema atapona, ila mguu hautakunjuka tena sawasawa. Kuruka juu ya magunia ndiyo basi. Nikamuuliza kama mbwa wana kichaa. Akasema wamechanjwa na wana akili timamu, wamefanya walichofundishwa, na akauliza ni nani aliyewafundisha. Agripina akatazama pembeni. Nikasema wametoka Rungwa.

Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye stoo. Kuna shimo dogo juu ya magunia mahali alipokuwa analala, lina umbo lake. Nimeliona nikalia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna wa kusoma. Mtu anakaa na mke miaka yote hiyo, mke haombi kitu, kaomba kimoja, tena kitu cha kulala tu juu ya gunia. Nami nimemsugua ugali nikawapa mbwa.

Nimewafunga wote wawili kamba nyuma ya nyumba. Wananitingishia mikia. Mtasema bado ananipenda, na leo upendo wake unaniumiza.

Jumanne, 13 Mei

Rahabu kapiga simu. Anakuja Alhamisi kuchukua unga na nguo, atalala, kisha arudi kwa Dina. Akauliza Shangazi. Nilikuwa nimeamua nimwambie ukweli. Nilifungua mdomo nimwambie. Ukatoka mwingine. Nikasema yupo, kalala hapa miguuni.

Sasa lazima awepo.

Felista, mama lishe wa pale njia panda, ana paka wa kijivu. Nikaenda kumwazima. Felista akasema tangu azaliwe hajasikia mtu akiazima paka. Nikamwambia ni kwa ajili ya panya. Nimempata. Anafanana! Shangazi ana doa jeusi kwenye paji la uso, huyu hana, lakini masizi ya chungu yapo. Huyu ana sikio lililochanika, nitasema ni panya. Anakula sana, amezoea mabaki ya pilau. Dagaa wangu kawanusa akanitazama kama mtu aliyeletewa chakula kibaya hotelini.

Baada ya kumpaka masizi nikagundua ni dume. Nitamlaza. Akilala haionekani.

Nimepeleka maziwa kwa Agripina. Shangazi kalazwa kwenye beseni karibu na mafiga. Nikamwita kwa sauti ya Rahabu, nyembamba, niliyoifanyia mazoezi njiani. Akageuzia uso ukutani. Agripina kaniambia maziwa niyaache mlangoni.

Alhamisi, 15 Mei

Rahabu alifika mchana. Amenenepa kidogo, uso umechangamka. Alikuwa na picha za mjukuu kwenye simu, akanionyesha akiwa bado amesimama, hajatua mzigo. Mtoto ana paji langu la uso. Kwa dakika hiyo moja tulikuwa wazima kabisa.

Kisha akamwona paka wa Felista kwenye mkeka. Niseme alikwenda akamgeuza? Hapana. Alimtazama tu mara moja kutoka mlangoni. Akatua mzigo. Akauliza, "Paka wa mama yangu yuko wapi?"

Nikasema si huyo hapo. Nikasema amebadilika kwa sababu ya maziwa. Paka wa Felista akajilamba, masizi yakamwenea usoni hadi puani. Rahabu hakucheka. Nyuma ya nyumba Mtasema akabweka. Akauliza na yule ni mtandao?

Hapo Agripina akaingia, nadhani alikuwa amekaa akisubiri. Kambeba Shangazi kwenye kanga. Rahabu akampokea, akaketi kizingitini, akaushika ule mguu kwa vidole viwili. Paka akaanza kuunguruma, sauti ambayo sijaisikia tangu Rahabu aondoke. Aliponiona mimi akanyamaza, akanitemea.

Nikaeleza. Nilianzia kwenye masikio ya nguruwe ili aelewe. Nikaeleza paja, tonge, nia yangu. Nilikuwa nangoja anigombeze. Nilitaka anigombeze, nilikuwa na majibu. Hakunigombeza. Alisema, "Ungeniambia kwenye simu, ningekuja siku ileile." Akasema kaka zake walipogawana mali alinyamaza kwa sababu paka ndiye aliyekuwa analala na mama yake siku za mwisho, na hicho ndicho alichokitaka. Akasema alinipa mimi nimtunzie kwa kuwa hana mwingine.

Nikauchukua mzigo wake nikauingiza ndani.

Kesho anarudi Shelui. Anakwenda na Shangazi kwenye kikapu. Nikauliza atarudi lini. Akasema atakaa mpaka mtoto aweze kuketi mwenyewe. Mtoto hata shingo haijakaza.

Jumamosi, 17 Mei

Nimewapeleka mbwa kwa Damiani. Sikuweza kuwatazama. Nilidhani atasema jambo, na alikuwa na haki. Alishika kamba akasema, "Pole, ndugu yangu." Afadhali angecheka.

Nyumba ni kubwa. Sikujua ni kubwa hivi. Nimekunywa chai nikaweka vikombe viwili, nikarudisha kimoja.

Paka wa Felista nimemrudisha. Felista akauliza masizi yametoka wapi. Nikasema kwenye panya.

Alhamisi, 22 Mei

Kupitia uzio naona mambo ya Damiani. Mbwa kawafunga nyuma ya zizi. Ana paka wake, Agripina kamwekea ubao juu, chini ya kenchi za baraza, anakaa huko akiwatazama. Kila asubuhi, mbwa wakishakula, Damiani anampitisha mmoja uani kwa kamba fupi. Mbwa akikaza macho, anamgeuza, wanaenda zao. Akipita bila kutazama, anapewa kipande cha nyama. Polepole kuliko konokono. Leo Sijali amepita chini ya ubao akapiga miayo. Lakini usiku kila mtu kwake, mbwa bandani, paka ndani, na mlango una komeo.

Damiani anajisifu kuwa ni kazi yake. Mimi najua. Ni yale matonge, yameanza kufanya kazi sasa. Yalihitaji muda tu kidogo kukaa tumboni.

Panya wameingia stoo. Wamejua. Wanakula mbegu ya Rahabu, nasikia meno. Nimeziba tundu, wamefungua jingine. Nimekaa na fimbo mlangoni tangu chai hadi mchana, nimeua ndoo tu, panya wapo.

Jioni nilimpigia Rahabu. Nilimwambia nimekosa. Sikuongeza kitu, sikutaja masikio. Nikawa namsikia mtoto akilia kule. Akasema Shangazi ameanza kutembea, anapanda kitandani kwa Dina kwa kuvuta shuka. Akasema naye amechoka kulala kwa watu. Atarudi mwisho wa mwezi, lakini kwa sharti moja. Nisilete mnyama yeyote uani kwake bila kumwambia kwanza. Nikasema naapa. Akasema nisiape, nifanye tu. Alipokata simu nilibaki nimeishika. Nimefurahi hadi nimesahau kula.

Jumapili, 25 Mei

Leo nilikwenda kanisani. Niliimba.

Nimetoka huko nikaingia stoo. Magunia mawili ya chini ni maganda matupu! Yamesimama vizuri, ukiyagusa yanaanguka. Rahabu anarudi Jumamosi. Mguu wa paka nimeshauharibu, sasa atakuta na mbegu hakuna. Msimu ujao atapanda nini? Siwezi kumpokea hivyo. Shangazi mwenyewe hawezi tena kupanda magunia, na kosa hilo ni la nani? Ni langu. Kwa hiyo kulitengeneza ni juu yangu.

Mchana nilizungumza na Enock, anayechoma mkaa kule juu mlimani. Anasema amemnasa nguchiro mchanga, mpole, anakula mkononi. Nguchiro! Panya wote wa kata hii hawatoshi kifungua kinywa chake. Hana mgogoro na paka, maana Shangazi atakuwa anakaa ndani na Rahabu. Nimeangalia kila upande. Damiani hana nguchiro. Hakuna mtu Misigiri mwenye nguchiro.

Ahadi nimeifikiria sana, sikuipuuza. Rahabu alisema nisilete mnyama uani. Simleti mimi. Analetwa na Enock, Jumatano, kwa baiskeli yake. Na kumwambia Rahabu nitamwambia, akiwa ameshafika, ameshaona stoo haina panya hata mmoja, ameketi, amekunywa maji. Simu inaharibu habari nzuri.

Lililobaki lilikuwa ni wapi pa kumlaza. Enock alianza kusema jambo kuhusu nguchiro na mayai, lakini bodaboda ilikuwa inamngoja, na mimi nilishaelewa. Nimefagia banda la kuku wa Rahabu, nimeweka nyasi mpya kwenye kona moja. Wako watulivu kuku wale, na nafasi inatosha wote.